Maswali ya Wasomaji: Shughuli Yetu na Mgeni Wetu Redioni

SWALI: Mhariri, mimi ni katibu wa kikundi kinachoandaa siku ya usafi na michezo ya vijana. Mara iliyopita tulipeleka tangazo la kurasa mbili kwenye kipindi cha asubuhi cha redio ya eneo letu, likasomwa kwa nusu dakika tu, tena siku na mahali vikatajwa harakaharaka mwishoni. Waliofika hawakutosha hata kuunda timu mbili. Safari hii tufanyeje?

JIBU: Ndugu Katibu, nusu dakika mliyopewa haikuwa dharau. Matangazo ya jamii hupenyezwa kati ya taarifa ya habari, muziki na mahojiano, na mtangazaji asiyekimbiza maneno husoma maneno yapatayo 60 katika muda huo. Mkimpelekea kurasa mbili, mnamlazimisha kupunguza akiwa hewani, naye atakata sehemu ambayo hajui uzito wake. Afadhali mkate wenyewe mapema, mlisome tangazo kwa sauti huku mmoja wenu akiangalia saa, na mwendelee kukata mpaka litoshe.

Anayesoma gazeti akipitwa na tarehe huinua jicho mistari miwili akaipata. Msikilizaji hana pa kurudi, na kwa kawaida hutega sikio pale tu anaposikia jambo linalomhusu, wakati siku na saa zimekwisha kutajwa. Kwa hiyo siku, saa na mahali hutajwa mwanzoni, kisha hurudiwa mwishoni, namna hii: “Jumamosi, tarehe 14, saa mbili asubuhi, vijana wote mnaalikwa katika uwanja wa shule ya msingi kwa usafi wa mitaro na michezo. Atakayeweza aje na jembe au koleo. Kumbuka, ni Jumamosi, tarehe 14, saa mbili asubuhi, katika uwanja wa shule ya msingi.” Majina ya wajumbe wa kamati, historia ya kikundi na shukrani kwa wafadhili hayamo, na hakuna msikilizaji atakayeyaulizia.

Saa iandikwe kwa maneno. Nasisitiza hili kwa sababu, nilipokuwa nikitayarisha matangazo katika kituo kimoja, tuliletewa karatasi iliyoandikwa “saa 8:00”. Mtangazaji aliisoma “saa nane mchana”, na kwa haki yake, kwani ndivyo tunavyohesabu saa kwa Kiswahili. Kumbe mwandishi alikuwa ametazama saa ya simu yake na kukusudia saa mbili asubuhi. Walioiamini redio waliwakuta waandaaji wakikunja viti. Maneno “kesho” na “Jumamosi hii” nayo ni ya kuepukwa, kwa kuwa tangazo likisharekodiwa huweza kurudiwa siku mbili au tatu mfululizo, na “kesho” ya Alhamisi ikisikika Ijumaa huwa imekuwa uongo.

Karatasi yenyewe mpelekeeni mtayarishaji wa kipindi, si mtangazaji mnayemfahamu kwa sauti, maana mtayarishaji ndiye anayepanga nini kiingie saa ngapi. Ipelekeni wiki moja kabla kwa uchache, au wiki mbili hadi tatu iwapo mnaomba pia nafasi ya mgeni studioni, na muweke namba ya simu ya mtu atakayepokea akipigiwa. Ulizeni mapema kama kuna malipo. Kituo cha biashara huishi kwa kuuza muda wa matangazo, ilhali redio nyingi za jamii hutenga nafasi ya bure kwa shughuli zisizo za faida. Utaratibu huo una mizizi mirefu: redio za wachimba madini wa Bolivia, zilizoanza mwishoni mwa miaka ya 1940, ziligharimiwa na wachimbaji wenyewe kutokana na mishahara yao, na salamu na mikutano yao ilitangazwa humo kama habari nyingine yoyote.

SWALI: Mwenyekiti wetu amealikwa kuhojiwa kwa robo saa, naye ni mtu wa haya. Je, anaruhusiwa kusoma maelezo aliyoyaandika, na je, tunaweza kuomba maswali kabla?

JIBU: Kuomba kujua mada ni haki yenu, na mwendesha kipindi makini atawaeleza bila kusita. Orodha ya maswali neno kwa neno ni jambo jingine: wengi hawaitoi, nami naona wanafanya vyema, kwa sababu mgeni aliyekariri majibu hujibu swali lililo kichwani mwake hata pale aliloulizwa ni tofauti. Karatasi ndefu nayo iachwe nyumbani, kwani sauti ya anayesoma hunyooka kama uzi na mkwaruzo wa kurasa husikika hewani. Kikadi chenye mambo matatu kinatosha, nalo moja kati ya hayo liwe tarehe.

Mwenyekiti asijibu kila swali kwa “njooni Jumamosi”. Tangazo limekwisha kusema hivyo. Yeye ameitwa asimulie. Akieleza jinsi walivyozibua mtaro mmoja mwaka jana, wakatoa humo magurudumu mawili na godoro zima, msikilizaji ataliona lile godoro, na haya za msimuliaji hupungua anapokuwa ndani ya jambo alilolitenda kwa mikono yake.

Studioni akae umbali wa takriban shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni, na aielekeze kidogo kando ya mdomo, ili pumzi ya herufi “p” na “b” isipige moja kwa moja na kutoa mlipuko. Simu izimwe kabisa, kwa kuwa ikitetemeka juu ya meza, meza huupeleka mtetemo huo hadi kwenye maikrofoni. Vidole pia visigonge meza, tabia ambayo wenye haya huwa nayo bila kujijua.

Endapo mahojiano yatafanyika kwa simu, azime redio iliyo karibu naye, la sivyo sauti yake itarudi na kuzunguka. Asijisikilize pia kupitia intaneti, maana matangazo ya huko huchelewa kwa sekunde kadhaa na yatamchanganya. Azungumze polepole zaidi kuliko ambavyo angezungumza studioni. Simu ya kawaida ilibuniwa kupitisha sauti za kati ya hezi (yaani mitetemo kwa sekunde) 300 na 3,400 tu, na kwa kuwa sehemu kubwa ya herufi “s” na “f” iko juu ya kiwango hicho, majina na namba hupotea kwa urahisi. Ayarudie.

SWALI: Kipindi ninachokipenda kilitangaza wiki nzima kwamba daktari wa macho atakuwepo kujibu maswali yetu. Siku ilipofika tulipigiwa muziki saa nzima, wala hakuna aliyesema neno. Je, si haki yetu kuelezwa?

JIBU: Ni haki yenu. Mgeni anaweza kuugua, kuitwa kazini au kukwama njiani, na hakuna kituo kinachoweza kulizuia hilo. Lakini mtangazaji aliyewaahidi angepaswa kufungua kipindi kwa kusema kwamba mgeni hakufika, na kama ipo siku nyingine iliyopangwa, aitaje. Mgeni ambaye hajathibitisha hutangazwa kwa “tumemwalika”, na “atakuwepo” husubiri mpaka athibitishe mwenyewe, tena aulizwe upya siku moja kabla. Mwandikieni mtayarishaji, mtaje tarehe na saa ya kipindi, na mwambatishe maswali mliyokuwa mmeyaandaa, kwani daktari akipatikana yatahitajika.