Herufi 麟 kwenye jina la mtoto: si joka, na twiga aliingia baadaye

Dada, umesema baba mkwe wako, Mchina, anataka mjukuu aitwe 子麟 (Zilin), na humu mmoja kakwambia hiyo 麟 ni joka, mwingine kasema ni twiga. Mimi nilisoma Nanjing miaka minne na herufi hiyo ninayo kwenye jina langu la Kichina, kwa hiyo nivumilie niandike kirefu kidogo.

Joka ni 龙, kitu kingine kabisa. 麟 (lin) ni qilin (kwa ukamilifu huandikwa 麒麟), mnyama wa masimulizi: mwili wa kulungu, mkia wa ng'ombe, kwato za farasi, pembe moja. Wanasema ni mpole kiasi kwamba hakanyagi mdudu wala jani bichi, na hajitokezi ila nchi ikitawaliwa kwa haki au akizaliwa mtu wa hekima. Ndiyo maana wazee wanampenda. Kuna msemo 麒麟送子, yaani qilin analeta mtoto, na picha za mwaka mpya zinamwonyesha amembeba mtoto mgongoni. Baba mkwe anamwombea mjukuu wake makubwa, usimkatalie haraka.

Ukiichambua herufi, kushoto ni 鹿, kulungu. Kulia ni 粦, inayotoa sauti tu. Jumla mikwaju (mistari ya kalamu) 23. Hapo mwanao atakulaumu, maana siku ya mtihani wenzake watakuwa swali la pili yeye bado anaandika jina.

Ni jina la kale. Kumbukumbu za Lu, dola la kale la Uchina, zinazonasibishwa na mwanafalsafa Confucius, zinaishia mwaka 481 KK kwa habari ya qilin aliyekamatwa na wawindaji. Wanasimulia kwamba Confucius alilia, mnyama wa heri kaja zama mbovu. Msomi Wang Yinglin (1223–1296), anayetajwa sana kuwa ndiye aliyetunga kitabu cha kufundishia watoto cha maneno matatu-matatu, naye anayo 麟 kwenye jina.

Twiga sasa. Mwaka 1414 mtawala wa Bengal (sehemu za Bangladesh na India ya leo) alimpelekea Yongle, Kaizari wa Uchina, twiga, na mwaka 1415 akaja mwingine kutoka Malindi. Wakati huo mji mkuu ulikuwa Nanjing. Watu hawajawahi kumwona: ana pembe, ana kwato, ngozi ya madoa, mpole, anakula majani. Wakubwa wa ikulu wakasema huyu ndiye qilin, na kwa kufanya hivyo wakamsifu Kaizari kwamba anatawala vizuri (machawa hawakuanza leo). Kijapani hadi sasa twiga anaitwa kirin. Wachina wenyewe siku hizi wanasema 长颈鹿, kulungu wa shingo ndefu, kwa hiyo hakuna Mchina atakayesikia Zilin akamfikiria twiga.

Isipokuwa mwalimu wangu. Alipojua natoka Tanzania alicheka, akaandika 麟 ubaoni iwe kwenye jina langu, akasema, "Ninyi mlishatuletea mmoja." Malindi iko Kenya, lakini jina lilikuwa zuri, nikanyamaza.

Angalizo moja. Sauti "lin" inabeba herufi nyingi: 林 msitu, 琳 jiwe la thamani, 霖 mvua ya siku nyingi. Niliwahi kushiriki shindano la kuongea Kichina, nikataja jina langu kwa simu, cheti kikatoka na 林. Ninacho mpaka leo, mimi Bwana Msitu. Wenyeji hawataji jina peke yake, wanaongeza "qilin de lin", lin ya kwenye qilin. Mfundishe mtoto hivyo mapema.

Hiyo 子 ya mbele muulize mzee vizuri. Kwa kawaida ni "mtoto", na zamani ilikuwa pia heshima kwa mwalimu, lakini familia nyingine zina herufi ya kizazi ambayo ndugu wote wa rika moja wanaibeba. Kama kwao ni hivyo, basi hata mtoto wa pili ataanza na Zi, na wewe utabaki na nafasi ya kuchagua herufi moja tu.