Shangazi, je, nimemfungia baba kwenye kompyuta?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanamume wa miaka 36, kazi yangu ni kuandika programu na naifanyia nyumbani. Marehemu baba alikuwa mtu wa kutembea misituni na kutazama ndege, na mimi na dada yangu mkubwa ndio tuliokuwa wenzake wa safari. Tulizaliwa wawili tu. Alituachia darubini, madaftari kumi na moja na kanda sita za kaseti. Nilimwomba dada anikabidhi vyote nitengeneze programu ya kuvihifadhi: kila safari na tarehe yake, hali ya hewa, ndege walioonekana, idadi yao, na alama kwenye ramani. Nilidhani ni kazi ya wiki sita. Huu ni mwezi wa tisa. Jioni nikimaliza kazi ya mwajiri naanza ya baba, hadi saa nane usiku. Tangu tumzike sijatia mguu msituni. Binti yangu ana miaka tisa; kila Jumamosi asubuhi anasimama mlangoni pa chumba cha kazi na kuuliza, "Baba, umemaliza?" Nami namjibu bado kidogo. Wiki iliyopita dada alipiga simu kudai madaftari, akasema nimemfungia baba kwenye kompyuta. Iliniuma, nikakata simu. Je, ni kosa kumtunza baba kwa njia ninayoijua? Nakutumia ukurasa mmoja uone kazi ilivyo.*

Marahaba, mwanangu, na pole. Najua miezi imepita na watu wameacha kukupa pole, ndiyo maana nakupa mimi.

Nianze na ukurasa ulionitumia, maana tangu jana sijaacha kuutazama. Upande wa kushoto kuna picha ya daftari. Karatasi imevimba kwa maji, penseli imefifia, na kwenye kona limeganda doa la tope lenye alama ya kidole gumba. Baba ameandika: "Mvua tangu alfajiri. Hakuna ndege. Mdogo amelala, nimembeba hadi barabarani." Upande wa kulia ni safari ileile ndani ya programu yako. Tarehe ipo. Hali ya hewa: mvua. Ndege: 0. Sehemu ya maelezo umeiacha tupu.

Mwanangu, mdogo ni wewe.

Mlikuwa wawili, na dada ndiye mkubwa. Siku ile baba alikubeba kwenye mvua, ukiwa usingizini, mpaka barabarani. Huwezi kuikumbuka hata ukeshe na daftari lile mwaka mzima. Aliyekuwa macho ni dada yako, akitembea kando ya baba kwenye tope, huenda yeye ndiye aliyeshika darubini ili baba apate mikono miwili ya kukushika. Hilo la darubini nakisia tu. Anayelijua yupo, na wiki iliyopita umemkatia simu.

Umeniuliza kama ni kosa. Kutunza si kosa. Wangapi wanaacha madaftari ya wazazi yaliwe na mchwa, kisha wanalia? Wewe uliona hatari ukaishika kazi, na dada yako hakukutendea haki alipoisema kana kwamba umeiba. Ila hata neno lililotoka kwa hasira huweza kubeba ukweli, na la dada yako limebeba.

Nina mpwa wangu ambaye kazi yake ni kama yako. Siku moja nilimuuliza anapendea nini kazi ya kukaa na skrini kutwa, akanijibu kwamba kila hitilafu ina sababu. Iwe mstari uliokosewa, iwe mabano yaliyosahauliwa, ukifuatilia kwa subira utaifikia, utairekebisha, na programu itasimama tena. Nimelifikiria jibu hilo sana niliposoma barua yako. Umezoea dunia ambayo kila kilichovunjika kina mahali pa kurekebishwa. Kisha baba akafariki, na hapo hapana mstari wa kusahihisha. Kwa hiyo umejitafutia kazi inayofanana na kumrekebisha, na kila ikikaribia kwisha unaiongezea kitu: leo ramani, kesho chati, keshokutwa namna mpya ya kutafuta. Mimi naona unaogopa kumaliza. Unahisi siku utakayofunga kazi hii ndiyo siku utakayomzika mara ya pili.

Nakuelewa kuliko unavyodhani. Mama yangu aliniachia kaseti moja. Niliiweka kwenye droo nikisema nitaisikiliza nikipata mashine nzuri, moyo ukitulia, nyumba ikiwa kimya. Miaka ikaenda. Siku nilipoitia kwenye redio, nilimsikia akisafisha koo, akasema, "Haya, sasa," kisha utepe ukanasa ukakatika. Fundi aliuunga lakini sauti ilikuwa imekwisha kuharibika. Nina yale maneno mawili tu.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza ni kanda zile sita, na zisingoje programu. Zipeleke kwa mtu mwenye mashine nzima, safi, ambaye kazi yake ni kunakili kanda za zamani. Usizijaribu mwenyewe kwenye redio iliyolala kabatini. Aziweke kwanza kwenye faili za WAV zisizobanwa. Za MP3 utazitoa baadaye kwa ajili ya simu. Kurasa za madaftari nazo ziskani kwa faili za picha za TIFF au PNG, maana za JPEG hupoteza ubora kidogo kila unapozihariri na kuzihifadhi upya. Haya unayajua kuliko mimi. Nayasema ili uone kwamba kuokoa sauti na kurasa ni kazi ya siku chache. Hiyo miezi tisa umeitumia kwa kitu kingine.

Mnayo pia kanuni yenu ya kuhifadhi data: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumbani. Hiyo ya mbali ikae kwa dada yako. Na madaftari yenyewe, yale ya karatasi, mrudishie yote kumi na moja ukishayaskani. Nasema yote. Usimgawie nusu kwa hesabu. Wewe utabaki na picha zake na darubini. Yeye hana hata kimoja, na ndiye mwenye kumbukumbu za kuyasoma. Akitaka mgawane, atasema mwenyewe.

Nije kwa huyu mtoto mlangoni, maana ndiye aliyeninyima usingizi.

Swali lake limenikumbusha William Rowan Hamilton, mwanahisabati wa Ireland. Mwaka 1843 alikuwa akisumbuka na namna ya kuzidisha nambari zinazokwenda tatutatu. Wanawe wawili walikuwa wadogo, na mwanzoni mwa Oktoba ile, kila asubuhi alipokuja kunywa chai walimuuliza: baba, umeshaweza kuzizidisha? Naye kila asubuhi alitikisa kichwa kwa huzuni akawajibu kwamba anaweza kuzijumlisha na kuzitoa tu. Tarehe 16 ya mwezi ule alitoka na mkewe wakawa wanatembea kando ya mfereji mmoja wa Dublin. Jibu likamjia palepale njiani: nambari ziwe nne, si tatu. Hakungoja afike nyumbani. Alitoa kisu akachonga mlinganyo kwenye jiwe la daraja. Wenzako wanaotengeneza michezo ya kompyuta wanazitumia nambari zile mpaka leo kugeuza maumbo kwenye skrini.

Nakusimulia kwa sababu ya lile swali la asubuhi. Tunalijua kwa kuwa Hamilton alimwandikia barua mmoja wa wanawe mwaka 1865, mwaka aliofariki, akamkumbusha. Miaka 22 ilikuwa imepita, amesifiwa kila mahali, na bado alikuwa akisikia sauti za watoto wakimuuliza kama ameweza. Na wewe utamsikia binti yako hivyohivyo, mwanangu. Unachoweza kubadili sasa ni jibu lako, na una Jumamosi chache. Ana miaka tisa. Haitachukua muda mrefu ataacha kusimama mlangoni, na hutamlaumu.

Tena fikiri anachojifunza kuhusu babu yake. Kwa miezi tisa sasa, babu kwake ni kile chumba ambacho baba hatoki. Ndugu yako na wewe mlipewa babu yuleyule kwa miguu iliyochoka, shingo iliyouma kwa kutazama juu, na kunyamazishwa ghafla kwa kidole mdomoni kwa sababu kuna gogota anagonga mti mahali fulani na baba hajamwona bado.

Mkubwa wenu katika kazi, Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, mwaka 1991, na Git, chombo cha kutunzia matoleo ya programu, mwaka 2005, ni mpiga mbizi. Mwaka 2011 aliandika programu ya kutunza kumbukumbu za mbizi zake, Subsurface, na wapiga mbizi wengine wanaitumia. Alikuwa na haja ya programu ile kwa sababu alikuwa akizama majini, na mbizi mpya zilikuwa zinakuja. Ya kwako ni ya safari, na safari ya mwisho iliyomo aliifanya mtu ambaye hayupo tena. Hakuna mahali umeweka pa kuingiza ya kesho. Nimeangalia ile picha mara mbili: una kitufe cha kutafuta na cha kuhariri. Cha kuongeza safari mpya sikukiona.

Afya sitaigusa sana, mkeo bila shaka amekwisha kusema. Macho tu: kila dakika 20 yainue utazame kitu kilicho mita sita hivi, kwa sekunde 20, na upepese, maana mbele ya skrini watu hupepesa kidogo kuliko kawaida. Baba yako aliyatumia macho yake kutazama vilele vya miti. Na saa nane usiku si saa ya mtu mwenye mtoto wa kuamka naye. Programu iache mwezi mzima. Usiifute. Ifunge tu, na ule mstari wa ndege sifuri uuache kama ulivyo hadi utakapokuwa na cha kuandika kwenye maelezo.

Jumamosi hii, mtoto akija mlangoni akukute umevaa viatu. Nendeni karibu, popote penye miti na maji, saa mbili zinatosha kwa mara ya kwanza. Huenda utalia. Mwache akuone, umwambie unamlilia babu, naye ataelewa kuliko anavyoelewa mlango uliofungwa. Darubini ya baba avae yeye shingoni. Kamba yake ifupishe isimgonge tumboni. Chukueni daftari jipya na penseli, kwani wino hukimbia mvua ikinyesha, na nadhani baba yako alilijua hilo. Aandike mtoto. Akikosea jina la ndege, usimsahihishe kwenye karatasi.

Lakini kabla ya Jumamosi kuna simu ya kupiga, na nakuomba uipige leo, kabla hujaigusa kibodi. Usianze kwa kujitetea, na programu usiitaje kabisa. Mwombe dada radhi kwa kumkatia, kisha mwambie una ukurasa mbele yako, wa siku ya mvua. Msomee ile mistari ya baba polepole. Ukifika "Mdogo amelala," nyamaza umsikilize. Akinyamaza naye, muulize barabara ilikuwa umbali gani.