Krenki ya 175 na goti la mzee

SWALI: Nina miaka 67, kimo changu ni sentimita 163. Naishi Kasarani na mara tatu kwa wiki naenda Karura kwa baiskeli ya mtumba, ile ya milimani. Pedali ikifika juu, goti la kulia na nyonga vinauma, hasa nikipanda mlima. Fundi aliniinulia kiti; goti likapata nafuu kidogo, lakini sasa nayumba kitini na nyuma ya goti kunavuta. Nimesikia krenki fupi husaidia. Ninunue ya urefu gani?

JIBU: Shikamoo mzee. Kabla hujatoa hata shilingi, angalia krenki (ule mkono wa chuma unaoshika pedali) upande wake wa ndani, karibu na tundu la pedali. Huwa pamegongwa namba: 165, 170 au 175. Hizo ni milimita kutoka katikati ya ekseli hadi katikati ya tundu la pedali. Namba ikiwa imefutika, pima kwa rula. Baiskeli nyingi za milimani za watu wazima huja na 170 au 175, hata fremu ikiwa ndogo, kwa hiyo sitashangaa ukikuta 175.

Fundi wako hakukosea, ila alitibu nusu ya ugonjwa. Kiti kikipanda, goti hufunguka pedali ikiwa juu, lakini pedali ikiwa chini mguu unanyooka kupita kiasi. Ndiyo maana kiuno kinayumba kuifuata pedali. Sasa tuseme umetoka 175 ukaweka 160. Chini kabisa, pedali iko juu zaidi kwa milimita 15, basi unainua kiti 15 na mguu unanyooka vilevile kama zamani. Juu kabisa, pedali imeshuka 15 na kiti kimepanda 15: goti na nyonga vimepata nafasi ya milimita 30. Hapo ndipo maumivu yako yalipo.

Kupata saizi, simama ukutani bila viatu, bana kitabu kigumu katikati ya mapaja hadi kiguse juu kabisa, kisha pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Zidisha kwa 0.216. Ukipata sentimita 74, yaani milimita 740, jibu ni 160. Lichukue kama pa kuanzia tu. Goti lisilokunjika vizuri linaweza kuhitaji 155 au 152. Na usiogope kupoteza nguvu. Utafiti wa Martin na Spirduso wa 2001 ulijaribu krenki za milimita 120 hadi 220, na nguvu ya juu kabisa ilitofautiana kwa takriban asilimia 4 tu.

Krenki za 160 zikikosekana, tazama baiskeli za watoto za inchi 24 kwenye mitumba: nyingi zina krenki za 152. Hakikisha ekseli yako ni ya pembe nne kama tundu la krenki hiyo. Usikubali krenki ikatwe na kuchomelewa. Ikikatika ukiwa umesimama kwenye pedali, utaanguka vibaya.

Kazi yenyewe ina mitego miwili. Wa kwanza ni washa (kile kipete chembamba cha chuma kinachokaa chini ya bolti). Bolti ikitoka, washa hubaki imenata ndani ya tundu. Fundi akifunga kifaa cha kung'olea juu yake, kifaa hakikai sawa na thredi za krenki zinang'oka. Aichomoe kwa bisibisi kwanza, na nyundo ikae mbali. Wa pili ni pedali ya kushoto: thredi zake ni za kinyume, hufunguka kwa kuzungusha spana, ikiwa imesimama juu, kuelekea nyuma ya baiskeli. Wakati wa kufunga, ianze kwa vidole, na grisi kidogo. Bolti ya krenki ikazwe sawasawa, kisha ikaguliwe tena baada ya safari ya kwanza. Krenki ikilegea ukaendelea kuendesha, tundu la pembe nne linakuwa duara na hiyo krenki imekwisha.

Mlimani utahisi gia zimekuwa nzito: 175 gawanya kwa 160 ni kama asilimia 9 zaidi ya nguvu mguuni. Kama gia kubwa ya nyuma ina meno 28, weka seti yenye 34. Mkono unaohamisha cheni uwe wa kumudu meno hayo, na cheni iongezwe pini nne hivi, la sivyo itakaza na kuvunja kitu.

Kiti kikipanda, usukani unakuwa kama umeshuka. Uinue nao milimita 15, mgongo usije ukalalamika badala ya goti. Ukisimama kwenye taa, shuka mbele ya kiti, usijaribu kufikisha mguu chini ukiwa umekaa.

Usisahau kwamba kiti chako kilishainuliwa na yule fundi. Kirudishe kwenye alama ya zamani, ndipo uongeze zile 15. Kisha endesha kwenye barabara tambarare kwa wiki moja. Goti likiuma mbele, ongeza kiti milimita 3. Likivuta nyuma, shusha 3. Lakini goti likivimba au likiuma hata ukiwa umelala, hilo si la fundi, mwone daktari.