Joto, jotoridi, halijoto: mtoto kakatwa maksi, kosa la nani?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko darasa la tano, juzi kaandika kwenye zoezi 'joto la maji yanayochemka ni nyuzi 100', mwalimu wake kampiga kosa, anataka aandike jotoridi. Mimi shuleni nilisoma halijoto, mume wangu anasema yote temprecha tu tuache kusumbuana, na kwenye redio nasikia 'kiwango cha joto'. Lipi ndo lenyewe? Halafu hayo ya mpitisho, msafara na mnururisho yananichanganya sana. Na maji ni 'moto' au 'ya moto'?"

Marahaba mwanangu. Maswali matatu umeyafunga kwenye pindo moja la kanga, ngoja nifungue fundo taratibu.

Mwalimu wa mtoto yuko sawa kwa darasani, na mtoto angekuwa anaongea na bibi yake angekuwa sawa pia. Ukimwambia jirani "leo joto limefika nyuzi 34" nani atakukosoa? Sisi neno joto tumelitumia kwa yote mawili miaka nenda rudi, lile linalotoka kwenye jiko na lile linalosomwa kwenye themomita. Shida ni kwamba sayansi inasema hivyo ni vitu viwili, na ni viwili kweli, sio ujuaji wa walimu.

Kama unabisha pita kwa fundi mageti wakati anakata chuma na grinda. Zile cheche zinaruka zinang'aa kama machungwa yaliyoiva, na chuma haking'ai hivyo mpaka kipite nyuzi mia kadhaa, sasa mwangalie fundi mwenyewe, mikono wazi, cheche zinamdondokea mpaka kwenye vidole na bado anakupigia stori ya mpira (macho ndo yanataka miwani, hapo asikudanganye mtu). Huyo huyo mmwagie kikombe cha maji yaliyotoka kuchemka, ambayo nyuzi zake hazizidi 100, utampeleka hospitali. Ile cheche ina jotoridi la juu mno lakini ni kipunje tu cha chuma, joto iliyobeba ni kiduchu, ikigusa ngozi imeshaisha. Maji jotoridi lake liko chini sana ukilinganisha na cheche ila joto lililomo ni jingi. Haya, sasa sema habari hiyo kwa neno joto peke yake: "cheche ina joto kubwa lakini joto lake ni dogo". Unaona tunavyochemsha?

Kwa hiyo joto ni nishati, kitu kinachohama kutoka kwenye cha moto kwenda kwenye cha baridi, kipimo chake juli. Jotoridi ni kitu kina umoto kiasi gani, na hilo ndo linalopimwa kwa nyuzi. Ukiona nyuzi kwenye sentensi ya mtoto, jua hapo linatakiwa jotoridi au halijoto, sio joto tupu.

Tena mfano wenyewe alioandika mwanao ndo mtamu kuliko yote, sijui kama mwalimu alimweleza. Injika lita moja ya maji yenye nyuzi 20. Mpaka yafike 100 yatakula kama kilojuli 336 za joto. Yakishaanza kutokota, themomita inagoma pale pale, ongeza mkaa, pepea mpaka mkono uume, haipandi ng'o. Joto linaingia kwa fujo lakini lote linaishia kwenye kugeuza maji kuwa mvuke, na ili sufuria ikauke kabisa zinatakiwa kilojuli kama 2,260 nyingine, karibu mara saba ya zile za kwanza, na muda wote huo jotoridi halijaongezeka hata chembe. Kwa hiyo joto linaongezwa na jotoridi limetulia, ungekuwa na neno moja ungesemaje? Aliyeanza kulifundisha jambo hili vizuri ni Joseph Black, mwalimu wa chuo kikuu kule Glasgow, kwenye miaka ya 1760, ndo watu wakaanza kutenganisha joto na jotoridi kisawasawa. Mwanao asijione mjinga basi, wakubwa wenye makoti yao walikaa gizani muda mrefu tu.

(Na hiyo 100 ni kwa watu wa Dar na Tanga na Mombasa, yaani usawa wa bahari. Nairobi maji yanachemka kwenye 94 au 95 hivi, na kileleni Uhuru, mita 5,895, ni karibu 80 tu, kwa sababu hewa ya juu inakandamiza kidogo. Maharage ya milimani yanavyokaa jikoni sio uvivu wa mpishi.)

Turudi kwenye maneno. Jotoridi ukilikata unaona joto mbele na mkia wa baridi nyuma, walioliunda wamekupa ncha zote mbili za kipimo kwa neno moja, na mimi binafsi nalipenda kwa hilo, japo najua kuna watu linawakwaruza masikio. Halijoto ni hali ya joto iliyobanwa ikawa neno moja. Kamusi zinayo yote mawili kwa maana ile ile, kwa hiyo wewe hukudanganywa shuleni na mwanao hadanganywi, mmesomea vitabu tofauti basi. Kiwango cha joto ni njia ya kueleza, si istilahi, ila inaeleweka na mtangazaji wa hali ya hewa akiitumia anafanya vizuri maana anaongea na kila mtu. Temprecha ya mumeo nayo ina kwao: nesi akisema "ngoja nimpime temprecha", au fundi magari akikuonyesha geji ya temprecha kwenye dashibodi baada ya gari kuchemsha mlimani, huwezi kumwambia "sema jotoridi" akakuelewa haraka. Ila kwenye mtihani wa Kiswahili au wa sayansi asiiandike.

Ninachokiona kinakosewa zaidi ni upatanisho. Jotoridi linafuata joto: jotoridi la maji limepanda. Halijoto inafuata hali: halijoto ya maji imepanda. Watu wanachanganya, "halijoto limepanda", hapana. Wengine wanaitenganisha wanaandika hali joto, ambayo haina maana yoyote, ama funga iwe halijoto ama weka kiunganishi iwe hali ya joto. Na kitu kingine, joto linaweza kuwa kali, lakini jotoridi haliwi kali wala baridi, ni kipimo hicho, kinakuwa cha juu au cha chini, kama vile huwezi kusema urefu mrefu. "Jotoridi kali" nimeiona kwenye vitabu, nikanyamaza tu.

Nyuzi nazo msizionee. Ni zile zile za pembe, nyuzi 90, tukaziongezea joto zikawa nyuzi joto. Shida inakuja kwenye moja. "Uzi joto mmoja" kisarufi haina kosa lakini mtu atakuuliza unashona nini, kwa hiyo wengi wanasema nyuzi joto 1 au digrii moja na dunia inaendelea.

Fundo la pili, njia tatu za joto kusafiri. Hapa nikupeleke saiti ya ujenzi, siku ya kumwaga zege ghorofani. Vibarua wamejipanga kwenye ngazi, karai linatoka mkono huu linaingia mkono ule, kila mtu amesimama alipo ila zege linapanda: huo ndo mpitisho. Neno lenyewe limetoka kwenye kupitisha, usilitafute mbali. Kijiko cha chuma ukikisahau kwenye uji wa moto, umoto unapanda kipande kwa kipande mpaka mpini unakuunguza vidole, na hakuna chembe ya kijiko iliyohama. Mwiko wa mti uliokaa kwenye sufuria hiyo hiyo unaushika bila wasiwasi, kwa sababu mti unapitisha joto kwa kusuasua.

Sasa wale vibarua wakivunja mstari, kila mmoja abebe karai lake kichwani apande nalo mwenyewe, ashushe, arudi chini kuchukua lingine, hapo umepata msafara. Maji ya chini ya sufuria yakipata moto yanakuwa mepesi yanapanda na joto lao, ya juu yaliyopoa yanashuka kushika nafasi, yanazunguka hivyo hivyo. Hili neno nalivulia kofia, maana anayejua msafara wa ngamia au msafara wa harusi anaelewa bila kuambiwa kwamba hapa kinachosafiri kinasafiri na mzigo wake. Ndo maana msafara unatokea kwenye maji na hewa, vitu ambavyo vinaweza kutembea, kwenye kijiko cha chuma hautokei.

Mnururisho ni kama tofali la kurushwa: wa chini anarusha, wa juu anadaka, katikati hamna mtu. Joto la jua linatufikia hivyo, kilomita kama milioni 150, sehemu kubwa ya njia haina hata hewa. Hata jiko la mkaa, ukikaa pembeni yake shavu moja linapata moto na lingine limepoa, umenururishwa hapo. Shina lake ni nuru, ikawa nururisha, kwa hiyo ni mnu-ru-risho. Ulimi unateleza unasema mnunurisho, na utaliona limeandikwa hivyo sehemu nyingi mpaka kwenye notisi za wanafunzi. Mimi nafundisha mnururisho kwa sababu nuru inabaki inaonekana ndani yake, lakini mtoto akikuta lile lingine kwenye kitabu ajue ni kitu kile kile asije akadhani ni njia ya nne.

Kabla sijasahau, kuna sentensi ambayo mama zetu wote wanaisema, "funga mlango baridi isiingie". Mwalimu wa sayansi ataguna, kwake baridi haiingii popote, ni joto la ndani linatoka. Na blanketi halina joto, joto ni lako wewe, lenyewe linalizuia tu lisikukimbie, ndo maana muuza barafu naye anafunika barafu zake kwa gunia na mchezo ni ule ule. Lakini msimsahihishe bibi. Kwenye Kiswahili baridi inaingia, inauma, inapiga, inamshika mtu, na itaendelea hivyo, lugha haikuandikwa maabara. Mtoto ajue tu kwamba kwenye karatasi ya sayansi anaandika joto limetoka.

La mwisho, maji moto au maji ya moto. Moto ni nomino, ule wa kuni, kwa hiyo njia iliyonyooka ni kuunganisha: maji ya moto, chai ya moto, uji wa moto. "Chai moto" utaisikia sana, Kenya hasa, na kwenye majina ya mahali maji moto limeshakomaa huwezi kuling'oa. Mimi naandika ya moto. Yasiyo ya moto wala ya baridi ni vuguvugu, na tafadhali msiwaandikie watoto "maji ya joto kidogo" wakati neno lipo.

Ila majina ya mahali yasikuamulie fizikia. Kule wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kuna chemchemi ya Kikuletwa, wenyeji wanaiita Chemka, na wengine Maji Moto. Ukisikia majina hayo utaenda na kopo la kuoga kwa uangalifu. Ukifika unakuta watu wanajirusha kutoka kwenye miti wanaogelea, maji safi mpaka unaona chini, na hayana umoto wa kumtisha mtu. Yanabubujika kutoka chini kama sufuria iliyokolea, wakayaita Chemka kwa kuyaangalia tu, themomita haikuulizwa.