Stima, sola ama jenereta kwa saluni ya Ahero?

Dada, umeuliza kama uhamishe saluni yote iende sola juu stima inapotea kila wiki. Usikate stima bana. Blodrai moja ya kukausha nywele hukula kama wati 1500, ukiiweka kwa betri utalia, na hizi betri za asidi ukizimaliza kupita nusu kila siku hazidumu. Sola wacha ibebe taa, mashine ya kunyoa na simu za wateja, hizo ni wati kidogo na jua la huku unalijua, ingawa Aprili mawingu yakikaa siku tatu utanung'unika kidogo. Jenereta? Petroli na kelele, yangu niliuza. Halafu stima yetu haichafui hewa vile watu hudhani, nyingi ni mvuke wa ardhini wa Olkaria na nguvu za maji, kama kile kituo cha hapo Sondu Miriu.