Simu inasoma mtandao, mbona haitumi? Maswali ya wasomaji wa Tanga

Shikamoo fundi. Coastal wakicheza Mkwakwani, simu yangu inasoma mtandao vizuri kabisa, lakini picha ninayomtumia shangazi Muheza inazunguka tu mpaka watu watawanyike. Ni simu au bando? (Kijana wa Ngamiani)

Marahaba. Si simu wala bando. Vile vijiti juu ya kioo vinaonyesha jinsi simu inavyousikia mnara. Kama mnara una nafasi ya kukusikiliza wewe, hilo havilisemi. Simu iliyotulia ikitaka kutuma hubisha hodi kwanza. Seli ya 4G, yaani eneo linalohudumiwa na antena moja ya mnara, ina alama 64 za kubishia, na simu huokota mojawapo kwa kubahatisha. Mbili zikiokota alama moja kwa wakati mmoja, hugongana. Iliyokosa hungoja kidogo, kisha hubisha tena. Sasa fikiria bao limeingia na jukwaa zima limetoa simu mfukoni.

Ikiitikiwa, bado haijaruhusiwa kumwaga picha. Hutuma ombi dogo la kusema tu kwamba ina mzigo. Mnara huipa upenyo mdogo, humo simu hutaja ukubwa wa mzigo, ndipo mnara unapogawa nafasi kwa vipande vya milisekunde 1. Picha inahitaji vipande vingi, na vinagombewa na uwanja mzima. Ujumbe wa maneno hupenya. Mwandikie shangazi matokeo, picha itafuata.

Je, kuwasha na kuzima hali ya ndege kunasaidia? (Msomaji, Chumbageni)

Husaidia simu ikiwa imeng'ang'ania mnara wa mbali. Penye umati, unaanza kubisha upya na kuongeza msongamano.

Nina nyumba ya wageni Raskazone, ruta iko ukumbini. Mgeni wa chumba cha kwanza na wa chumba cha mwisho wakitumia pamoja, Wi-Fi inagoma. Aliyetufungia anasema ninunue bando kubwa. (Mama mwenye nyumba)

Usinunue kwanza, mama. Kwenye Wi-Fi ya kawaida hakuna anayegawa zamu. Kila kifaa husikiliza hewa; kukiwa kimya, huhesabu muda mfupi wa kubahatisha ndipo kitume. Kikikosa jibu kwamba ujumbe umefika, huongeza upana wa kubahatisha na kujaribu tena. Asili yake ni mtandao wa redio ulioanza 1971 kuunganisha visiwa vya Hawaii, ambako vifaa vilituma bila hata kusikiliza, na muda wa hewa uliozaa matunda ulikuwa kama asilimia 18 tu, tena mambo yakienda vizuri kabisa.

Kwako, kuta zinawazuia wageni hao wawili kusikiana, ingawa ruta inawasikia wote. Kila mmoja anaona kimya, wanatuma pamoja, ruta haielewi yeyote. Dawa ipo: simu iombe ruhusa kwa ujumbe mfupi, ruta ijibu kwa sauti inayofika pande zote, mwingine anyamaze. Ila uamuzi wa kuomba uko kwenye simu ya mgeni, huwezi kumlazimisha. Vuta waya, weka ruta ya pili mwisho wa korido, moja ikae chaneli 1 na nyingine 6. Ruta za Wi-Fi 6 zinaweza kugawa zamu zenyewe, lakini simu nazo ziwe za kizazi hicho.

Boti yangu ya kwenda Pemba ina AIS, kile kifaa cha redio cha kutangaza chombo kiko wapi. Meli zote zinatangaza mahali zilipo kwenye masafa yale yale. Nani anapanga? (Nahodha)

Hakuna, na kwangu huu ndio mpango mzuri kuliko yote. Kila dakika imekatwa vipande 2,250 kwa kila chaneli, na chaneli ni mbili. Saa za wote hufuata GPS. Meli kubwa ikitangaza mahali ilipo hutaja pia kipande itakachotumia baadaye, nyingine zikakikwepa.

Boti ndogo kwa kawaida hufungwa kifaa cha daraja B, na vingi vya aina hiyo havina haki ya kuweka nafasi: husikiliza kipande kikianza, kikiwa na mtu hukiacha. Ukiwa mwendoni hutangaza kila sekunde 30, ilhali meli kubwa iendayo kasi hutangaza kila sekunde 2. Kwa hiyo karibu na lango la bandari usidhani wanakuona pale ulipo sasa hivi. Taa ziwake, na redio ya VHF iwe chaneli 16.