Maswali ya Mafundi: Duara la CNC yangu halitoki sawa

SWALI: Natengeneza CNC (mashine inayoongozwa na kompyuta) ya kuchonga milango ya mvule, eneo la kazi sm 60 kwa 90. Nimefunga mota 3 za hatua za saizi ya NEMA 23, fimbo za nyuzi za M10 na pawa saplai ya volti 12. Duara halitoki sawa, na nikiongeza kasi mota zinanguruma kisha zinasimama. Ninunue mota kubwa zaidi?
Seremala, Kampala

JIBU: Hapana, fundi, mota hizo zinatosha. Zinazokuangusha ni fimbo na volti.

Litazame duara kwa karibu. Likiwa na bapa ndogo pale mhimili (njia moja ya kusogea, kama kushoto-kulia) unapogeuza mwelekeo, nati inacheza kwenye nyuzi: mota huzunguka kidogo kabla meza haijasogea. Likiwa limerefuka upande mmoja tu, kosa ni hesabu ya hatua za mota kwa kila milimita. Fimbo ya M10 nayo husogeza mm 1.5 tu kwa mzunguko. Ukitaka mm 3,000 kwa dakika, mota izunguke mara 2,000. Hapo nguvu imeisha na fimbo inapigapiga kama kamba. Weka skrubu ya gololi ya 1605, yenye kipenyo cha mm 16 na mm 5 kwa mzunguko. Mizunguko 600 itakutosha.

Pawa saplai iwe ya volti 36, wati 350, na draiva (vifaa vinavyoipa mota umeme hatua kwa hatua) zinazobeba hadi volti 50. Koili huchelewa kujaa mkondo. Kwa volti 12 hatua inayofuata hufika kabla haijajaa. Ampea zifuate kibandiko cha mota. Tafadhali usichomoe waya wa mota umeme ukiwaka, utaunguza draiva.

Ukitumia GRBL (programu ya kuongoza mashine), draiva ikigawa kila hatua mara 8, hatua 200 za mota huwa 1,600. Gawa kwa 5: andika 320 kwenye $100 na $101, mipangilio ya hatua kwa milimita ya mihimili ya X na Y.

Reli ziwe za mraba za mm 15, zilizokaa kwenye fremu urefu wote. Nondo ya mviringo iliyoshikwa ncha mbili tu hupinda katikati. Fremu ichomelewe kwanza, hata hapo Katwe, ndipo ufunge reli kwa bolti, maana joto hukunja chuma. Penye pengo weka kipande chembamba cha bati.

Mvule huficha vijiwe vya chokaa, kwa hiyo tumia biti ya kabaidi. Na usisahau swichi za mwanzo kwa kila mhimili: umeme ukikatika mlango ukiwa nusu, mashine haikumbuki ilipoishia, lakini kwa swichi hizo itaipata sifuri yake tena.